Nathanieli Rugaibula, Aliyetaka Kuuona Udongo Wake

Wasifu ulioandikwa na kusomwa na mdogo wake, Mwalimu Adventina, Kanyinya, Jumanne tarehe 11 Septemba 1956.

Mchungaji, wazee wa usharika, Mkungu Rutashobya mkuu wa kijiji chetu, Ma Verdiana na watoto, ndugu na majirani. Nimepewa kazi ya kueleza maisha ya kaka yangu. Tarehe mtakazozisikia nimezilinganisha na kitabu cha ubatizo na cheti cha ndoa, kwa sababu nawafahamu. Nikikosea mwaka mmoja tu, kesho nitasikia sokoni kwamba familia inaficha jambo. Karatasi mlizogawiwa zilipigwa taipu Bukoba, na zina kila kitu isipokuwa aya chache ambazo sikumpa mpiga taipu. Mkifika mahali palipoachwa wazi, msihangaike kugeuza ukurasa. Sikilizeni tu.

Marehemu Nathanieli Rugaibula alizaliwa Ijuganyondo, Bukoba, mwezi Machi mwaka 1908, wakati wa Wajerumani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Kashaija na Ma Kokuhirwa, ambao wote wametangulia. Siku yenyewe haikuandikwa popote. Mama alisema ilikuwa siku ile mvua ya mawe ilipotoboa majani ya migomba yote ya kijiji, na hatukuwa na sababu ya kumbishia. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1914. Kati yake na mimi kitindamimba ilipita miaka kumi na mmoja na watoto watatu ambao hawakukaa. Labda ndiyo sababu alinibeba mgongoni mpaka nikawa mkubwa wa kutosha kuona haya. Wavulana wenzake walimcheka kwamba anafanya kazi ya wasichana. Aliwaambia mgongo ni wake.

Alisoma shule ya misioni kuanzia mwaka 1917 hadi 1922. Kusoma alijua, hesabu alijua, lakini kwenye kuimba mwalimu alimwomba awe anafungua mdomo tu bila kutoa sauti. Kisha akajifunza useremala katika karakana ya misioni hapo Bukoba kwa miaka mitatu. Mlango wa kwanza alioutengeneza aliuleta nyumbani kwa baba. Ulikuwa mlango mzuri wa mbao za mvule, ila haukuwa na komeo. Baba akauliza komeo liko wapi. Nathanieli akauliza, kwa mshangao wa kweli, ni nani angekuja kutuibia sisi. Baba alimrudisha karakana siku hiyohiyo, na mlango ukarudi una makomeo mawili. Mimi nilichukua tabia ya baba. Yeye tabia yake sijui aliitoa wapi.

Mwaka 1931 alihamia hapa Kanyinya, upande wa Muleba, kulikokuwa kunafunguliwa ghala la kununulia kahawa. Vijana hawaijui Kanyinya ya wakati ule. Ilikuwa na maduka matatu, shule iliyokuwa pia kanisa, na nyumba za msonge zilizoezekwa nyasi kuanzia kileleni hadi chini. Nyumba zilikaa karibukaribu, kila moja ndani ya kibanja chake cha migomba na kahawa, na nyasi zilitandazwa nene chini ya migomba mpaka kizingitini. Ukitoka vibanjani unakutana na rweya, mbuga tupu ya majani hadi macho yanapochoka. Nathanieli alipata kibanja cha mwisho kabisa, kinachopakana na rweya hiyo. Alitengeneza milango, madirisha na mabenchi ya kanisa, na benchi ambalo Mkungu amelikalia leo ni kazi yake pia.

Tarehe 7 Oktoba 1933 alifunga ndoa na Verdiana, binti wa wavuvi wa kisiwa cha Bumbire. Alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe alitapika ndani ya mtumbwi tangu nchi kavu ilipoachwa mpaka ilipoonekana tena. Alifika amelowa, ameshika kile kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna alichosukiwa na mama. Kahawa yenyewe ilikuwa imelowa maji ya ziwa. Wakwe waliitafuna hivyohivyo, na baba mkwe akasema kijana anayefika na kahawa yake katika hali ile hataacha mke njiani. Hakumwacha.

Kikapu hicho mnakijua. Kwetu mwenye nyumba hutafuna kwanza, kisha humpitishia mgeni, ili mgeni aone kwamba hamna kitu kibaya ndani yake. Nathanieli alilishika jambo hili kuliko mtu yeyote niliyemjua. Ukiingia kwake ulipewa akamwani, yaani hiyo kahawa ya kutafuna, kabla hujaulizwa jina. Yako mengine aliyoyapoteza bila kusema neno, lakini hili liliuma, na nataka mlijue tangu sasa.

Alhamisi tarehe 18 Agosti 1938, kiangazi kikiwa kimekausha hata visima, moto ulitokea upande wa rweya. Kwa kawaida rweya huchomwa kwa utaratibu: ngoma hupigwa, watu hujipanga na matawi mabichi. Siku hiyo hakuna aliyesikia ngoma. Upepo uliusukuma moto hadi kwenye nyasi za vibanjani, nyasi zikaupeleka hadi kwenye kuta, na kuta zikaupandisha juu. Yote yalichukua muda mfupi kuliko ibada ya Jumapili. Nyumba arobaini na tatu ziliungua, pamoja na maduka yote, ghala la kahawa na shule. Watu watatu walifariki, mmojawapo akiwa mama yake Mkungu Rutashobya. Mungu awapumzishe, nao tunawakumbuka leo.

Alasiri ile Kanyinya ilikuwa na nyumba moja tu iliyosimama. Ilikuwa nyumba ya Nathanieli, iliyokuwa karibu na rweya kuliko zote, ambayo ingepaswa kuungua ya kwanza. Haikuungua kwa sababu kibanja chake hakikuwa na unyasi hata mmoja. Aliziondoa nyasi zote Jumatatu na Jumanne ya wiki ileile, akazibeba na kuzitupa chini korongoni.

Akina mama wa usharika walikuwa mashahidi. Verdiana alikuwa amewaalika Jumatano waje kutandaza nyasi mpya, na walipofika na mizigo kichwani walikuta udongo mtupu, migomba imesimama miguu wazi juani. Mhaya mwenye akili timamu havui kibanja chake nguo katikati ya kiangazi. Walimuuliza kulikoni. Akawajibu:

"Nilitaka kuuona udongo wangu."

Basi walirudi makwao na mizigo yao, wakicheka njia nzima. Kesho yake hakuna aliyecheka.

Sitawalaumu kwa mlivyofikiri. Mpimeni wenyewe: fundi seremala, mtu anayepata kazi nyumba zikijengwa. Anaondoa nyasi zake Jumanne. Alhamisi mji wote unaungua isipokuwa yeye. Anaulizwa sababu, anatoa jibu la kipuuzi. Hata mimi, kama ningekuwa ninyi, ningemnyooshea kidole, na nafikiri ningekinyoosha mapema kuliko ninyi.

Jumatatu tarehe 22 aliitwa mbele ya baraza. Mkungu Rutashobya, ambaye alikuwa bado hajaondoa matanga, alisimama mwenyewe. Hakupiga kelele. Namkumbuka alivyokuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Ta Nathanieli, mama yangu amekufa," alisema. "Sikuulizi kama ulichoma. Nakuuliza tu, waitu, kwa nini uliondoa nyasi."

Nathanieli alitazama chini kwa muda mrefu. Kisha akarudia maneno yaleyale, kwamba alitaka kuuona udongo wake. Watu waliguna. Afisa wa Kizungu aliyekuja kutoka Bukoba aliandika kwamba chanzo cha moto hakijulikani, akapanda gari lake, akaondoka. Kanyinya haikuhitaji karatasi yake. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyenyoosha mkono kwenye kikapu cha kaka yangu.

Verdiana alimsihi wahamie Bumbire. Baba alimwandikia arudi Ijuganyondo. Alikataa wote wawili, akisema mji hauna milango. Hivyo ndivyo alivyoanza kuijenga Kanyinya hii mnayoiona. Alitengeneza milango ya nyumba arobaini na tatu na ya maduka yote, kwa miaka mitatu, na wengi walimlipa ndizi au hawakumlipa kitu, naye hakudai. Mlango wa Mkungu aliupima huku Mkungu amesimama pembeni na panga mkononi, akisema ni la kukatia migomba. Chakula cha fundi kiliwekwa nje juu ya jani. Yeye akimaliza kukaza bawaba aliujaribu mlango mara tatu, akafunga vifaa vyake na kwenda, bila kukaribishwa kupita mlango ambao ameutundika mwenyewe.

Kisha ikaja habari ya migomba. Mizizi mingi iliungua, na mahali ilipochipua, machipukizi yalikuwa dhaifu. Kibanja kimoja tu kilikuwa na machipukizi yenye afya, na mnajua ni kipi. Alipotangaza kwamba kila mtu aje achukue, hakuja hata mmoja, kwa kuwa ilisemekana migomba ya pale imelishwa kitu. Basi akawa anayang'oa asubuhi na kuyapanga kando ya barabara, kisha anaingia ndani na kufunga mlango, ili mtu asilazimike kuyapokea kutoka mkononi mwake. Mkaanza kupita. Mmoja alijifanya amepotea njia. Mwingine alikuwa anamtafuta mbuzi wake kwa wiki mbili, na kila alipomtafuta alirudi na machipukizi sita. Verdiana aliwachungulia wote kwenye upenyo wa dirisha, na orodha anayo kichwani hadi leo. Ndizi zilizo jikoni kwa ajili ya msiba huu zimeletwa na ninyi wenyewe, na zote ni wajukuu wa kibanja chake.

Hata ile sheria ya mji, ya kuacha hatua ishirini za udongo mtupu kuzunguka kila nyumba wakati wa kiangazi, ilitungwa na baraza mwaka 1939. Hakuna aliyethubutu kusema imetoka wapi. Kila Juni mnafagia nyasi zenu mbali na kuta, mnafanya lilelile lililomfanya aonekane mhalifu, na mkimaliza mlikuwa mnamtania sokoni: "Ta Nathanieli, umeuona udongo?" Alikuwa anacheka pamoja nanyi. Nyumbani hakucheka. Kila Jumapili baada ya ibada alikiweka kikapu chake mezani, akatafuna mbili tatu, akakisogeza upande wa pili ambako hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa nakaa pale nikatafuna naye, mimi na Verdiana na watoto. Jioni anakifunika.

Mwaka 1954 alianza kukohoa. Alitibiwa hospitali ya Bukoba mara nne, na mara zote waganga walimtunza vizuri, tunawashukuru. Waliona kwamba kifua kimechoka, na vumbi la mbao la miaka thelathini halikusaidia. Tangu Juni mwaka huu hakuweza tena kushika randa. Alifariki nyumbani kwake, Jumapili iliyopita tarehe 9 Septemba 1956, saa nne asubuhi, kengele ya kanisa ikilia. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Hapa ndipo karatasi zenu zilipoachwa wazi.

Mwaka 1938 nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa ualimu mwezi Julai, na nilikuja Kanyinya kukaa kwa kaka nikisubiri matokeo. Nilikuwa na hofu kubwa ya ule mtihani. Kabla ya kuufanya nilikwenda Kashai kwa Mzee Muharami, nikamwomba hirizi ya kufaulu. Mzee wa watu hana kosa. Mimi ndiye niliyemfuata, tena nilimdanganya jina. Niliivaa kiunoni ndani ya gauni la shule ya misioni, nikaingia nayo kwenye chumba cha mtihani, nikaingia nayo pia kanisani.

Jumapili ile, tarehe 14 Agosti, nilikuwa nikikata majani ya migomba, uzi ukakatika. Nilipofika ndani nikajikuta sina kitu. Ilikuwa imezama mahali fulani kwenye nyasi za kibanja kizima, na Jumatano akina mama wa usharika walikuwa wanakuja kuzifunua na kutandaza mpya. Wangeiona. Wangesema ni ya Verdiana, au ya kaka, au wangejua ni yangu na ualimu ungeishia hapo, na baba, aliyekuwa mzee wa kanisa, angeaibika mbele ya watu wote. Nililia kwa kaka yangu. Hakunigombeza. Aliuliza tu ina ukubwa gani. Jumatatu asubuhi, Verdiana akiwa amekwenda kuwatazama wazazi Bumbire hadi Jumanne jioni, alianza kuondoa nyasi, fungu moja moja, anakung'uta, anapapasa, anabeba korongoni. Aliipata Jumanne alasiri chini ya mgomba wa mwisho.

Najua mnachowaza sasa, maana nimewasomesha nusu yenu. Mnawaza kwamba aliichoma, na moto ukaanzia hapo. Hakuichoma. Alinipa mkononi akaniambia nikaitupe ziwani siku nitakaporudi Bukoba. Sikuitupa. Niliiweka miaka kumi na minane, kwa sababu nilijua nitakapowaambia hamtaniamini nisipowaonyesha kitu. Hii hapa. Nyeusi, ya ngozi, ndogo kama punje mbili za maharage. Anayetaka aje aitazame. Moto ulitoka wapi sijui, naye hakujua. Alijua tu kwa nini udongo wake ulikuwa mtupu, na hilo hakuweza kulisema bila kunitaja.

Siku ile barazani, Mkungu alipouliza lile swali, mimi nilikuwa nimekaa na wanawake upande wa kushoto. Alipotazama chini kwa muda mrefu alikuwa ananingoja mimi. Niliona. Nikanyamaza. Niliogopa, na sina jina jingine la kuipa ile hali. Nilipomwendea baadaye nikitaka kwenda kusema, matokeo yalikuwa yametoka, nimefaulu, na shule mpya imeanza kujengwa.

"Shule haina mwalimu mwingine," aliniambia. "Nyamaza ufundishe."

Nikafundisha. Nimewafundisha ninyi na watoto wenu, na wako watatu ninaowaona hapa ambao niliwavua hirizi mlangoni mwa darasa na kuwachapa. Mnisamehe. Mchungaji, najua kanuni za usharika. Jumamosi nitakuja ofisini kwako bila kuitwa.

Mwezi Julai, kaka akiwa amelala, nilimwambia sasa nasema. Alikataa tena. Alisema nikisema wakati yeye yu hai mtakuja wote kumwomba radhi, na kwa kifua kile hana pumzi ya kuwajibu watu wa nyumba arobaini na tatu. Akasema ningoje. Nikamuuliza basi nikishasema niwaombe nini. Alikitazama kikapu. "Wale kahawa yangu," akasema. "Mengine sina haja nayo."

Ma Verdiana nilimweleza juzi Jumapili mchana, mwili ukiwa bado ndani. Hata yeye hakuwa anajua. Aliniambia maneno ambayo ameniruhusu niyasome: "Kumbe nimelala na mtu mwema miaka yote hii huku nikimchungulia kwa jicho moja." Hajanisemesha tangu hapo. Ana haki. Mkisikia Kanyinya kwamba Verdiana na wifi yake hawasemezani, safari hii ni kweli.

Marehemu ameacha mjane, Verdiana, watoto watatu, Eliazari, Jonesia na Tabitha, wajukuu wawili, na mdogo wake mmoja, ambaye ni mimi. Ameacha pia milango. Mtakaporudi makwenu leo mtaifungua kwa mikono yenu, na kila mmoja ataiona kazi ya kaka yangu.

Kikapu chake kiko hapa mezani, kando ya jeneza. Kahawa iliyomo aliichemsha na kuikausha Verdiana jana, na mtaniona mimi nikitafuna ya kwanza mbele yenu, kama alivyotaka yeye siku zote. Kisha nitakileta kwako wewe, Mkungu Rutashobya, kabla ya mtu mwingine. Uliuliza swali la haki ukajibiwa nusu. Leo umejibiwa. Ukinyoosha mkono nitashukuru, na usiponyoosha nitasimama pale mbele yako mpaka mkono wangu uchoke, kwa kuwa yeye alisimama muda mrefu zaidi.

Baada ya hapo tutamshusha. Mungu ampokee mtumishi wake Nathanieli. Na ninyi watu wa Kanyinya, msimuulize kitu tena. Mwacheni auone udongo wake kwa amani.